Chakula cha kila siku na afya ya mwanamke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tumeanza na damu kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko yote, kisha ujauzito, mifupa, maradhi ya wanawake na, mwisho, mambo ya jikoni. Kikombe kinachotajwa humu ni cha mililita 240, na kunde za aina zote zimepimwa zikiwa zimeiva, si kavu. Viwango vya siku ni vya mwanamke mzima mwenye afya. Mwenye ugonjwa wa figo, selimundu, au anayetumia insulini aelewane kwanza na anayemtibu, maana kwake baadhi ya ushauri huu hugeuka.

Kwa nini mwanamke anahitaji madini ya chuma kuliko mwanamume?

Ni hedhi. Mililita moja ya damu ina takriban nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo anayepoteza mililita 40 katika hedhi moja ametoa mg 20 za chuma, mbali na kile kidogo kinachopotea kila siku kupitia ngozi na utumbo. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anatakiwa kula mg 18 kwa siku, ilhali mwanamume wa umri huo anatosheka na mg 8. Mjamzito anahitaji mg 27. Anayenyonyesha hushuka hadi mg 9 kwa kuwa hedhi mara nyingi huwa bado haijarudi, na baada ya ukomo wa hedhi kiwango ni mg 8 kama cha mwanamume.

Kumbuka kwamba hicho ni kiasi kinacholiwa, si kinachoingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya chuma cha chakula hupita utumboni na kutoka. Mengi yanayofuata hapa chini yanahusu pengo hilo.

Chakula gani kinaongeza damu haraka?

Hakuna kinachoongeza damu kwa siku mbili. Hata anayemeza vidonge vya chuma huanza kuona himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ikipanda baada ya wiki mbili hadi nne, na akiba ya mwili huchukua miezi kujaa tena. Chakula kinakwenda polepole zaidi ya hapo.

Kwa hesabu: kikombe cha adesi kina takriban mg 6.6 za chuma, kikombe cha maharage kati ya mg 4 na 6 kutegemea aina, gramu 100 za nyama ya ng'ombe mg 2.5 hivi, maini ya ng'ombe kiasi hichohicho mg 6 hivi, kiganja cha mbegu za maboga (gramu 28) mg 2 hadi 3, na yai moja halifiki hata mg 1.

Bitiruti ndiyo inayowapoteza wengi. Gramu 100 zake hazifikishi mg 1 ya chuma. Wekundu wake ni rangi ya mmea tu, haihusiani na wekundu wa damu. Ni mboga nzuri, ina foleti (vitamini B9) ya kutosha, lakini kuinywa asubuhi na jioni ukitegemea itatibu upungufu wa damu ni kupoteza wiki ambazo ungekuwa umeshapimwa. Soda nyekundu na vinywaji vya rangi havistahili hata kujadiliwa.

Nakula mboga za majani kila siku, mbona damu bado iko chini?

Kwa sababu chuma kiko cha aina mbili. Kile kilichofungwa ndani ya himoglobini na misuli ya mnyama, yaani cha nyama, kuku na samaki, hufyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35. Chuma cha mimea na mayai hufyonzwa kwa asilimia 2 hadi 20, na kama kitaangukia 2 au 20 inategemea kilicholiwa pamoja nacho. Spinachi ni mfano mzuri: kikombe kilichopikwa kina zaidi ya mg 6 kwenye karatasi, lakini polifenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye mmea, hukishika chuma na kinachopita ni kidogo sana.

Mambo manne hubadilisha hesabu hiyo.

La kwanza ni vitamini C ndani ya mlo uleule, si saa tatu baadaye. Lenga mg 50 au zaidi. Chungwa moja la wastani lina mg 70, nusu kikombe cha pilipili hoho nyekundu mbichi mg 95, na gramu 100 za pera zinapita mg 200. Nyanya moja mbichi ina mg 17 tu. Limau watu hulikamulia matone machache wakaridhika, ilhali kijiko cha chakula cha maji yake kina mg 6 hivi. Kamua limau zima, na ulikamulie baada ya kuepua, kwa sababu moto huiua vitamini hiyo.

La pili ni nyama kidogo kwenye chungu cha maharage. Hata gramu 50 za nyama, kuku au samaki husaidia chuma cha maharage yenyewe kufyonzwa, mbali na kile inacholeta. Kwa hiyo kama nyama ni chache, usiile yote siku moja. Igawe kwenye milo mitatu ya kunde.

La tatu ni kuloweka au kuotesha kunde na nafaka. Faiteti, kitu kinachofunga chuma kwenye mbegu, hupungua mbegu ikilowa na ikianza kuota. Unga uliochachushwa pia una faiteti pungufu.

La nne ni chungu chenyewe. Chuma kizito cha kusubu, kisichopakwa chochote ndani, hutoa chuma kwenye mchuzi wenye nyanya au limau ukichemka muda mrefu. Aluminiamu na chuma cha pua havifanyi hivyo kwa kiwango cha maana.

Chai niache kabisa?

Hapana, ihamishe. Kikombe cha chai ya majani kikinywewa pamoja na mlo wa mimea kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa takriban asilimia 60, na kahawa kwa asilimia 40 hivi. Kinachofanya kazi hiyo ni tanini na jamii zake, si kafeini, kwa hiyo kahawa iliyotolewa kafeini haikuokoi. Kunywa saa moja au zaidi baada ya kula, au katikati ya milo.

Maziwa nayo hupunguza kidogo. Kwa mwenye damu ya kutosha hilo halina uzito, ila aliyeambiwa damu yake iko chini afadhali atenge mlo mmoja wa siku usio na chai wala maziwa, wenye kunde au nyama na tunda chachu, akaulinda huo.

Nitajuaje kama hedhi yangu ni nzito kiasi cha kuniishia damu?

Kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, mabonge ya damu yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, kutoka damu zaidi ya siku saba, au kulazimika kuamka usiku kubadilisha. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Kile chenye homoni kwa kawaida huipunguza. Hedhi ya namna hii hailipwi kwa chakula. Chanzo chake lazima kitafutwe.

Hamu ya kutafuna barafu, udongo au wanga mbichi nayo ni dalili inayodharauliwa. Mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na hupotea chuma kikirudi. Udongo wenyewe huzidisha tatizo kwa kushika chuma tumboni na kuleta minyoo.

Kipimo ndicho kinachoamua. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito kuanzia himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita. Omba pia kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, ikiwezekana, kwani akiba huisha kabla himoglobini haijashuka, na mtu anaweza kuchoka na kukatika nywele huku akiambiwa damu iko sawa.

Vidonge vya chuma vinanivuruga tumbo. Nifanyeje?

Kinyesi cheusi ni kawaida, usiogope. Kichefuchefu na kufunga choo ndivyo vinavyowafanya watu waache. Kidonge hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji au maji ya chungwa, lakini kama hukiwezi hivyo, kimeze na chakula kidogo kisicho na maziwa wala chai. Ni afadhali kifyonzwe pungufu kuliko kibaki kwenye chupa. Muulize anayekutibu kuhusu kumeza siku moja na kuruka inayofuata: dozi moja huamsha homoni iitwayo hepsidini, ambayo hubana ufyonzaji kwa takriban saa 24, kwa hiyo kuruka siku mara nyingi hupunguza kero bila kupoteza kikubwa.

Kidonge cha kalsiamu kisikutane na cha chuma. Tenganisha kwa saa mbili. Vifungie vyote mbali na watoto. Vidonge vichache vya chuma vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Natarajia kupata mimba. Nianze kula nini?

Foleti, na uanze kabla. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayesubiri kliniki ya kwanza amechelewa kwa jambo hili moja.

Mwanamke anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, na 600 akishakuwa mjamzito. Kikombe cha adesi kina takriban 358, nusu kikombe cha kunde 105, nusu kikombe cha spinachi iliyochemshwa 131. Unaona kwamba chakula kinaweza kufikisha. Hata hivyo kidonge cha asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) cha mikrogramu 400 kinabaki pale pale, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, kwa sababu foleti ya chakula hufyonzwa pungufu na hupotea kirahisi jikoni. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa mara kumi hivi, na hiyo huandikwa na daktari.

Asiyekula nyama, maziwa wala mayai aongeze vitamini B12 ya kidonge au ya chakula kilichoongezewa. Hakuna mmea wa kawaida wa kutegemewa kwa hiyo.

Ni kweli mjamzito ale kwa ajili ya wawili?

Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nishati ya ziada. Ya pili ni kalori 340 hivi kwa siku, ya mwisho 450. Kalori 340 ni glasi ya maziwa, ndizi moja na yai moja la kuchemsha, basi. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga juu ya hapo kinakufikisha karibu na kiwango cha miezi ya mwisho.

Kinachopanda kwa kasi ni virutubishi, si ukubwa wa sahani. Protini hufika gramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito. Kolini, ambayo hutumika kujenga ubongo wa mtoto na haimo katika vidonge vingi vya wajawazito, ni mg 450, na yai moja kubwa lina mg 147, karibu zote kwenye kiini. Wanaotupa kiini wanatupa sehemu yenye faida. Madini joto ni mikrogramu 250, na njia rahisi ni chumvi iliyoongezewa madini hayo kwa kiasi kilekile kidogo unachotumia siku zote.

Maini je? Si ndiyo yanayosifiwa kwa damu?

Yanasifiwa kwa haki, lakini si wakati wa ujauzito. Gramu 85 za maini ya ng'ombe zina takriban mikrogramu 6,500 za vitamini A ya aina ya retinoli, ilhali kikomo cha mjamzito ni 3,000 kwa siku, na retinoli ikizidi hasa mwanzoni inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto. Mafuta ya ini la samaki yako katika kundi hilohilo. Vitamini A ya karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa haina hatari hiyo, maana mwili huibadilisha kwa kadiri unavyoihitaji. Asiye mjamzito wala hatarajii kuwa mjamzito, kipande kimoja kwa wiki kinatosha.

Samaki, kahawa, maziwa mabichi: kipi kinaruhusiwa kwa mjamzito?

Samaki ale, gramu 225 hadi 340 kwa wiki, na wadogo ndio bora: dagaa na sardini wana omega-3 nyingi na zebaki kidogo. Aepuke papa, nduaro na samaki wengine wakubwa wanaokula wenzao, kwa kuwa zebaki hujilimbikiza kadiri mlo wa samaki unavyokuwa samaki mwingine.

Kafeini isizidi mg 200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya papo kwa papo kina mg 100 hivi, cha kahawa ya kuchuja 140, cha chai 75. Maziwa yasiyochemshwa, jibini laini iliyotokana nayo, mayai mabichi na nyama isiyoiva viachwe. Pombe iachwe kabisa.

Nile nini maziwa ya mama yaongezeke?

Maziwa huongezwa na titi kunyonywa mara nyingi na kumalizwa. Hakuna supu inayoshinda hilo, na kujilazimisha maji kupita kiu hakuongezi kitu. Chakula kinamlinda mama mwenyewe: mwili wake utatoa kalsiamu kwa mtoto hata kama yeye hali ya kutosha, na utaitoa kwenye mifupa yake. Aongeze kalori 330 hadi 400 kwa siku, aendelee na madini joto, mayai na samaki. Madini joto hayo, kolini, B12 na aina ya mafuta anayokula huonekana moja kwa moja kwenye maziwa. Vitamini D huwa kidogo kwenye maziwa ya mama hata mama akila vizuri, hivyo mtoto anaweza kuhitaji matone yake.

Kalsiamu kiasi gani, na nitaipata wapi kama sinywi maziwa?

Mg 1,000 kwa siku kati ya miaka 19 na 50, mg 1,200 baada ya hapo, na msichana wa miaka 9 hadi 18 mg 1,300. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika, ingawa mifupa inayojengwa ujanani, hadi kufikia miaka 30 hivi, ndiyo akiba atakayoitumia maisha yake yote.

Kikombe cha maziwa kina mg 300 hivi, na cha mtindi kiasi hicho au zaidi. Gramu 85 za sardini zilizoliwa na mifupa yake zina mg 325. Utoe mifupa, na kalsiamu karibu yote imekwenda nayo. Kabeji za majani ya kijani na brokoli zina kiasi kidogo lakini kinafyonzwa vizuri. Spinachi ina nyingi lakini imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mmea wenyewe. Mwili huchukua asilimia 5 hivi, ikilinganishwa na karibu 30 ya maziwa. Ufuta una tofauti kubwa kati ya ule wenye ganda na uliomenywa: kijiko kikubwa cha ufuta mzima kina karibu mg 88, na ukimenywa sehemu kubwa huondoka na ganda. Usage au uutwange, maana mbegu nzima hupita tumboni ilivyoingia.

Anayevurugwa na maziwa ajaribu mtindi. Bakteria wa mtindi wamekwishakula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Maziwa ya soya yafaa kama yameongezewa kalsiamu, na hapo tikisa pakiti vizuri kabla ya kumimina, kwani madini hutuama chini na glasi za mwanzo huwa hazina kitu.

Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya mg 500 kwa mara moja, kwa hiyo gawanya siku. Anayetumia vidonge naye asimeze mg 1,000 kwa mkupuo.

Nimefikia ukomo wa hedhi. Kuna nini kipya?

Miaka mitano hadi saba ya mwanzo ndiyo mifupa hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, kolesteroli mbaya hupanda, na misuli hulegea. Chuma kingi hakihitajiki tena, hivyo acha multivitamini zenye chuma kama hujapimwa na kuambiwa uziendeleze.

Protini ndiyo inayopungua kimyakimya. Lenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo ya uzito. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 65 hadi 78, na zikigawanywa vizuri ni gramu 20 hadi 25 kila mlo. Kosa la kawaida ni kifungua kinywa cha chai na mkate, chenye gramu chache tu, kisha nyama yote kuwekwa usiku. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage 15, gramu 100 za kuku 30 hivi. Chakula bila mazoezi ya kubeba uzito hakijengi misuli.

Kwa kolesteroli, gramu 3 za beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi, kwa siku husaidia. Hizo ziko kwenye vikombe takriban viwili vya uji mzito wa oti.

Soya inaogopwa bure. Isoflavoni zake hufanana na estrojeni kwa umbo lakini nguvu yake ni ndogo sana, na vyakula vya soya havijaonekana kuleta saratani ya matiti. Wanawake wengine hupata nafuu kidogo ya joto la ghafla, wengine hawaoni tofauti. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aiache isikutane na soya wala kalsiamu kwa saa nne. Kinachoongeza hatari ya saratani ya matiti bila ubishi ni pombe, hata kwa kiasi kidogo.

Kuna chakula kinachoyeyusha uvimbe kwenye kizazi?

Hakuna. Majani, juisi na unga unaouzwa kwa ahadi hiyo huchelewesha matibabu. Mwenye uvimbe unaomtoa damu nyingi ahangaikie chuma chake, kama ilivyoelezwa juu.

Na mwenye PCOS, yaani tatizo la homoni na ovari linalovuruga hedhi?

Hakuna mlo maalum uliothibitika kushinda mingine. Kwa wenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 kunaweza kurudisha mzunguko na upevushaji wa yai. Tatizo la wengi wao ni mwili kutoitikia insulini vizuri, kwa hiyo sahani ianze na kunde, mboga na protini, wanga wenye nyuzinyuzi ufuate, na vinywaji vya sukari viondoke. Lenga gramu 25 za nyuzinyuzi, lakini panda polepole, gramu 5 kwa wiki, na uongeze maji. Anayeruka kutoka gramu 10 hadi 25 kwa siku moja hujaa gesi, akaacha siku ya tatu. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka apimwe B12, kwani dawa hiyo huishusha.

Tangawizi inapunguza maumivu ya hedhi?

Kwa baadhi ya wanawake, ndiyo. Majaribio yametumia mg 750 hadi 2,000 za unga wa tangawizi kwa siku, katika siku tatu au nne za mwanzo. Hiyo ni kati ya karibu nusu kijiko cha chai na kijiko kimoja kikavu, umegawanywa. Kipande kimoja kilichoelea kwenye chai hakifiki hapo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Mtindi unatibu fangasi ukeni? Na UTI?

Kuula ni salama, ila si dawa ya fangasi. Kuupaka ukeni, au kuweka kitunguu saumu, huunguza na kuleta maambukizi mapya, usifanye. Kwa UTI inayojirudia, maji ya kutosha hupunguza matukio kwa wanaokunywa kidogo, lakini ikishaanza, hasa ikiwa na homa au maumivu ya kiuno, ni suala la dawa.

Nipikeje maharage na mboga zisipoteze faida yake?

Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji, suuza, weka mapya. Maharage mekundu yana lektini yenye sumu inayoleta kutapika vibaya, na huondolewa na mchemko mkali tu: yachemshe kwa nguvu dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Kuyaweka moja kwa moja kwenye jiko la moto mdogo hakuiui. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, na kwenye mboga huua vitamini C pamoja nayo. Kama maharage hayaivi, mara nyingi ni ya zamani, au nyanya na limau vimewekwa kabla hayajalainika. Tindikali hukaza ganda. Viweke mwishoni.

Mboga zioshwe nzima, kisha ndiyo zikatwe. Spinachi iliyochemshwa na maji kumwagwa inaweza kupoteza karibu nusu ya foleti. Ipike kwa mvuke au kwa maji yake yenyewe dakika 3 hadi 5, na kijiko cha chai cha mafuta, kwa sababu karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Chumvi yenye madini joto itie karibu na kuepua, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na mvuke, na jumla ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai.

Sina muda wa kupika kunde kila siku.

Gramu 500 kavu hutoa vikombe 6 hadi 7 vilivyoiva. Pika mara moja, poza ndani ya saa mbili, gawa kikombe kimoja kimoja na mchuzi wake. Kwenye friji hukaa siku 3 hadi 4, kwenye friza miezi mitatu bila kupoteza ladha. Acha nafasi ya kidole juu ya chombo, kwani mchuzi hutanuka ukiganda na kupasua kifuniko.